Chanjo ya homa ya manjano na kinga ya kudumu

Msafiri: Wadau, kadi yangu ya njano ya mwaka 2009 inaonyesha kuwa chanjo iliisha baada ya miaka 10. Je, nichanjwe tena? Tena, ni kweli kwamba seli T (chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili) za mtu mwingine hutibu virusi?

Mganga: Kadi yako bado ni halali, ndugu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinatambulika kimataifa kwa maisha yote, hata kikiwa na tarehe ya mwisho, kwa kuwa dozi moja huwaachia watu wengi kingamwili na seli T za kumbukumbu zinazodumu kwa miongo kadhaa. Aliyechanjwa akiwa mjamzito au akiwa na VVU amwone daktari kwanza.

Maabara: Kuhusu seli T, ni kweli, ingawa si kwa kila kirusi. Kinga ya mgonjwa aliyepandikizwa uboho hudhoofika, ndipo virusi vya Epstein-Barr, ambavyo wengi wetu tunaishi navyo pasipo habari, huamka na wakati mwingine kuzusha saratani. Seli za mchangiaji zinazovitambua hukuzwa maabara, kisha hutiwa mshipani. Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba ya namna hiyo, tabelecleucel, Desemba 2022.

Msafiri: Nazo hudumu kama zile za chanjo?

Maabara: Kwa kawaida hapana, seli za mgeni hatimaye hukataliwa na mwili.