Niko Yiwu, China, Jumapili bure: hekalu la Yue Fei kule Hangzhou linafaa nauli?

papa_wa_kontena: Jambo ba ndugu. Niko Yiwu natafutia mizigo duka langu la mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Kontena inafungwa Jumatatu. Mkalimani ananisukuma niende Hangzhou nikaone hekalu la Yue Fei, jemadari wa zamani. Linafaa? Na mimi ni mtu wa kanisa, sitaki kujikuta napigia sanamu magoti.

MamaBitambala: Papa, magoti pale wamepiga wengine, utawaona mwenyewe. Gari moshi ya mbio haimalizi saa moja, ila shika pasipoti, bila hiyo hupandi. Hekalu liko kando ya Ziwa la Magharibi, lilianza 1221. Ukumbini ameketi Yue Fei mkubwa, joho la zambarau, watu wanajipiga picha. Usikawie hapo. Enda kaburini.

Mbele ya kaburi kuna watu wanne wa chuma, vifua wazi, mikono imefungwa nyuma, wamepigishwa magoti. Mmoja ni waziri Qin Hui, mwingine mke wake. Yue Fei alikuwa anawarudisha nyuma Wajurchen, watu walioteka kaskazini ya China. Mfalme akamwita arudi, Qin Hui akamtilia kesi ya uhaini, akauawa 1142, na mwanawe Yue Yun pia. Jemadari mwenzake alipouliza ushahidi uko wapi, Qin Hui akajibu labda upo. Labda! Jina la Yue Fei lilisafishwa 1162, chini ya mfalme mwingine.

Zamani watu walizitemea mate sanamu zile. Siku hizi kuna kibao cha kukataza. Pameandikwa pia kwamba kilima kimebahatika kuzika mifupa ya mwaminifu, lakini chuma, bila kosa lolote, kimefanywa wasaliti. Baba yangu alikuwa myeyusha shaba. Kile chuma nilikihurumia kweli.

Mwalimu_Katuba: Kwetu Lumumba aliuawa 1961 hapo Shilatembo, Katanga, sanamu anachongewa yeye tu. Waliomtoa hawajachongewa hata kidole.

MamaBitambala: Mwalimu, tukianza kuwachonga hao, kiwanja hakitatosha. Papa, na ile mikate mirefu ya kukaanga, miwili imeshikana? Wachina wanahadithia ni Qin Hui na mke wake ndani ya mafuta.

papa_wa_kontena: Ee mama! Ndiyo nanywea chai kila asubuhi! Basi naenda. Tiketi ya kurudi jioni inapatikana?

MamaBitambala: Nunua zote mbili leo. Jumapili jioni zinaisha haraka.