Tupeane uzoefu: Mlioacha bahari mkapanda milima ya Taita, mlikuta nini huko juu?

Mwana wa Kuze

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mtu wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa. Mlima mkubwa niliokuwa naujua ni daraja la Nyali nikiwa juu ya baiskeli. Lakini dadangu ameolewa kwa Wataita, Wundanyi, na miaka minne ananiambia "njoo uone" nami namwambia "inshallah". Agosti hii, watoto wako likizoni, nikaishiwa na visingizio.

Tulipanda matatu hadi Voi, kisha nyingine ya kupitia Mwatate. Hadi Mwatate ni tambarare na mashamba ya mkonge, nikasema mbona rahisi. Baada ya hapo barabara ikaanza kujikunja kama kamba ya jahazi. Masikio yakaziba. Mwanangu wa pili akatapika mahamri yote ya asubuhi ndani ya kofia yangu, ile ya vito niliyonunuliwa Idi. Makanga hata hakugeuka, akasema, "Watu wa Mombasa ndio huwa hivyo."

Jioni baridi ilinikuta na kikoi na fulana. Nililala na leso mbili za dadangu juu ya blanketi. Kabla ya hapo tuliandaliwa kimanga: maharagwe, mahindi na muhogo vilivyopondwa pamoja kwa mchi mpaka mtu hajui lipi ni lipi, kikashikana, kikakatwa vipande. Nilidhani ni kionjo, nikala kidogo nikingoja chakula chenyewe. Kumbe ndicho hicho. Niliongeza mara mbili.

Sasa kilichonifanya niandike. Asubuhi yake mzee wa nyumba, baba mkwe wa dadangu, alitupeleka kwenye mwamba mmoja mbali kidogo na mashamba. Chini ya mwamba, mahali pakavu pasipofika mvua, kuna mafuvu ya vichwa vya watu yamepangwa safu. Mengine yana ukungu wa kijani. Nikatoa simu. Mzee hakupiga kelele. Alisogea tu akasimama kati yangu na mwamba, akaniuliza, "Mwanangu, makaburi ya babu zako kule kwenu, mgeni akija anayapiga picha kabla ya kusalimu?"

Nikarudisha simu mfukoni. Mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma.

Basi tupeane uzoefu. Mlienda wapi, mlikuta nini, na mlikosea wapi? Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi, kwa sababu picha nzuri kila mtu anazo.

Mchuuzi Kongowea

Mimi kosa langu ni moja na limechukua miaka kumi na mmoja. Kila wiki naenda Wundanyi kuchukua kabichi na nyanya, nafika usiku, napakia, nateremka. Siku moja lori likatuvunjikia ekseli huko juu, tukalala ndani. Alfajiri nikatoka kujisaidia, nikainua kichwa: Kilimanjaro hiyo hapo, upande wa magharibi, juu nyeupe, chini yake wingu. Nikamwamsha utingo. Akaniambia, "Hiyo iko kila siku mzee, ni wewe huangalii." Sina la zaidi.

Mdawida wa Likoni

Mwana wa Kuze, huyo mzee alikustahi sana. Wengine wangekurudisha nyumbani saa ile ile.

Niwaeleze kidogo, maana huku Pwani nasikia watu wakisema ni mambo ya uchawi. Zamani kwetu mtu akifa alizikwa, na baada ya mwaka au zaidi fuvu lilifukuliwa kwa heshima, likapelekwa pangoni kukaa na ya ukoo wake. Kila ukoo na mahali pake. Ukame ukizidi au ugonjwa ukiingia, wazee walikwenda pale kuzungumza nao. Kuna na kutasa: mzee anachukua pombe ya miwa kinywani, anairusha kwa mnyunyizo huku akitamka maneno ya heri, ili hasira zitoke moyoni. Hasira ndiyo iliyoogopwa. Mtu aliyekasirika kimyakimya aliweza kuleta madhara bila hata kukusudia. Dini mpya zilipokuja, desturi hiyo ya kuzika iliisha, lakini mafuvu yapo, na wenyewe tupo.

Ukiona kipande cha msitu kimeachwa katikati ya mashamba, miti mikubwa na hakuna aliyekata hata ukuni, uliza kabla hujaingia. Inaweza kuwa fighi, msitu wa ulinzi wa kijiji. Hiyo ndiyo iliyotubakishia miti, maana milima yetu imelimwa mpaka juu. Msitu wa Ngangao, ambao wageni wanausifu, ni kama hekta 120 tu. Humo na kwenye vipande vichache vingine ndimo wanamoishi ndege kama apalisi wa Taita, ambaye nje ya milima hii humpati popote duniani. Mtu anatoka Ulaya kuja kumtazama, sisi tunapita na kuni kichwani.

Kosa langu mimi mwenyeji: nilipokuwa mdogo nikilima na mamangu, nilikuwa nakata kwa jembe kile kinyama cheusi chenye rangi ya buluu, nikidhani ni nyungunyungu. Kumbe si mnyoo. Ni wa jamii ya chura, hana miguu. Watafiti walichapisha habari zake mwaka 2006: mama anaotesha ngozi nene yenye mafuta, na watoto wake wanaila, wanaibambua kwa vijino vyao, ndiyo maziwa yao. Mama hadhuriki, anaotesha nyingine. Nilipojua hayo nilimpigia mamangu simu. Akacheka, akasema, "Si ndivyo mlivyonila na nyinyi?"

Salma wa Tudor

Mama huyo apewe maua yake 😂

Sisi tulikuwa wanawake tisa wa chama. Badala ya kugawana pesa mwisho wa mwaka tukasema twende mlima Kasigau. Tukampa pesa kijana mmoja wa kupanga safari, simtaji. Alituambia kila kitu kiko tayari. Tunashuka Maungu, hakuna gari, hakuna mtu, simu imezimwa. Tukakaa chini ya mti na mabegi kama wakimbizi, mpaka mama mmoja muuza maji akampigia binamu yake wa Bungule, kijiji cha chini ya mlima, naye akaja na pikapu.

Yakhe, mlima ule! Umesimama peke yake kwenye nyika kavu, chini ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu, ndovu wanakatiza barabara, halafu juu kabisa ni msitu mbichi unaochuruzika maji ya ukungu, na okidi zimeng'ang'ania miti. Ni mita 1,641. Wenyeji wamevuta maji kwa mabomba kutoka huko juu hadi vijijini, yanateremka yenyewe bila pampu. Nilikunywa kwenye bomba la Bungule, baridi kama ya friji.

Kosa letu ni viatu. Wawili walikuja na ndara za kutokea, eti "ni kutembea tu". Tulipofika nusu ya njia kiongozi wetu, kijana wa pale kijijini, akavua viatu vyake akampa mmoja, yeye akapanda pekupeku mpaka kileleni. Tulimuongezea malipo, lakini bado naona haya.

Na vikapu! Nilikaa na nyanya mmoja nikamtazama. Anachukua nyuzi za mkonge, anazisokota juu ya paja lake kwa kiganja, mbele, nyuma, mbele, mpaka uzi unatoka mwembamba sawasawa. Pale kwenye paja ngozi imekuwa laini inang'aa kama mti uliopigwa msasa. Kikapu kimoja kinamchukua wiki kadhaa akifanya kazi nyingine katikati. Nikataka kuomba bei ipunguzwe kama tulivyozoea Marikiti. Nilipouona mguu ule nikanyamaza nikatoa pesa.

Bwana Ramani

Salma amekwenda Kasigau, nami niongeze moja fupi. Vitabu vya Kiingereza vinasema Johannes Rebmann wa misheni ya Rabai "aliigundua" Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwaka mmoja kabla, 1847, alikuwa amefika Kasigau, wakati huo akiiandika Kadiaro. Msafara wa kwenda Chaga, nchi ya Wachaga kule Kilimanjaro, ulikuwa na kiongozi, Mswahili, Bwana Kheri, aliyeijua njia na watu wa njiani. Yaani hata Mzungu yule alikwenda na mwenyeji wa njia. Nyinyi mnakwenda na ramani ya simu.

Mjukuu wa Rukanga

Nimesoma yote nikawa nasita, lakini Kasigau ikitajwa siwezi kupita.

Kiongozi wenu wa Bungule aliwaambia habari ya 1915? Labda hakuwaambia, wengi hawapendi kuanza nayo. Ilikuwa vita vya Waingereza na Wajerumani. Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, karibu. Waingereza waliposhambuliwa pale Kasigau wakasema wenyeji ndio waliowasaliti, na watu wa mlima wakahamishwa, wakapelekwa Malindi. Watu wa mlimani, wa hewa ya baridi, kwenye joto na mbu wa Pwani. Wengi walikufa kwa homa na njaa. Hawakurudi Kasigau mpaka 1936.

Nyanya yangu alizaliwa huko Malindi. Alirudi Kasigau akiwa kigori, yaani alirudi mahali ambapo hajawahi kufika. Alikuwa akitusimulia kwamba mamake aliingia kichakani moja kwa moja, bila kuuliza mtu, akafyeka kwa panga, na chini ya miiba yakatokea mafiga matatu, yamekaa vile vile alivyoyaacha. Akawasha moto hapo hapo kabla ya kujenga chochote. Miaka 21.

Mimi sasa naishi Bamburi, Pwani hii hii ilipo Malindi. Nyanya alipokuwa hai alikataa kabisa kuja kunitembelea. Alisema bahari anaijua.

Kwa hivyo mkienda Rukanga, Bungule au Makwasinyi, mkaona mzee amekaa kimya akiwatazama mnavyopiga picha na mandhari, si kwamba anawachukia. Msalimieni tu. Asubuhi semeni "kwawuka", mtaona uso unavyofunguka.

Dereva wa Taveta

Pole sana mjukuu.

Mimi napita njia ya Voi–Taveta kila siku, nako kumejaa vita hivyo hivyo. Maktau, Mashoti, kisha kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Afrika Kusini lilipigwa likarudi nyuma. Kilima chenyewe kidogo, abiria hawakitambui. Kuna na mbuyu wenye matundu ya risasi, wanasema mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akiwalenga askari. Abiria wanaupenda huo. Mimi siuamini sana, mwanamke mmoja hawezi kutoboa matundu yote hayo na mti uko upande wake 😅 Lakini mkinilipa nitawasimamishia.

Salma wa Tudor

@Mjukuu wa Rukanga, hakutuambia. Tulipita Rukanga tukipunga mikono dirishani. Chama kinakutana Jumapili, nitawasomea uliyoandika.

Mwana wa Kuze

Ahsanteni. Mjukuu, Mungu amrehemu nyanya yako.

Jana nilimpigia simu mzee wa Wundanyi kumuomba radhi rasmi, maana siku ile nilinyamaza tu. Alicheka, akaniambia niliyoyaona ni nusu, babake mwenyewe ndiye aliyemuonyesha ile safu na kumtajia ni nani na nani, na angependa kuwatajia wajukuu kabla hajasahau, wangu wakiwemo. Sharti lake: simu zote zibaki kwa dada.

Tunaondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, steji ya magari ya Voi. Gari ni la kukodi, nafasi zimebaki nne. Beba sweta na viatu vya kufunga. Mwenye kutapika akae mbele, na aje na kofia yake mwenyewe.