Kafuta kashe ya sssd laini ikiwa imekata, halafu ananituma nikabadilishe tona ya printa!

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji bosi huyo, mnamjua. Waliokaa naye wanamjua hata kwa mlio wa funguo zake.

Dada wa uhasibu kaongezwa kwenye kundi jipya kule LDAP, saraka ya watumiaji iliyoko makao makuu, seva yetu ya pamoja haijaliona. Kwenye seva hiyo sssd ndiyo inayovuta watumiaji na makundi kutoka LDAP, na inatunza nakala zake kwenye kashe. Nikasema kwa adabu zote: bosi, laini ya makao makuu imekata, tusubiri irudi, kisha `sss_cache -u` na jina lake ili taarifa zake zivutwe upya, atoke aingie tena. Jamaa akageuka, ofisi nzima kimya: "Wewe kijana, kabadilishe tona."

Tona! Mbele ya dada wa uhasibu!

Akasimamisha sssd, akafuta kashe yote kwa `rm -rf /var/lib/sss/db/*`, akaiwasha. "Itajijaza yenyewe." Ijijaze kutoka wapi? `sssctl domain-status` ingemwonyesha Offline, yaani saraka haipatikani, kabla hajagusa kitu. `sss_cache` haifuti, inatia alama tu kwamba taarifa zimepitwa. Saraka isipopatikana, sssd inaendelea na za zamani na watu wanaingia kwa nywila zilizohifadhiwa. Yeye kafuta na hizo nywila! Na kama hakubadilisha mpangilio, `entry_cache_timeout`, muda wa taarifa kukaa kwenye kashe kabla ya kuhesabiwa zimepitwa, ni sekunde 5400. Laini ikisharudi, hata angekaa ananywa chai saa moja na nusu, kundi lingeonekana bila yeye kugusa kibodi.

Hakuna aliyeingia tena isipokuwa root, akaunti kuu ya seva yenyewe. Kilio kilisikika mpaka kwa mama ntilie. Na yeye ananitazama mimi, eti tona imeshaisha?

bwana_kebo: Huyo! Kwetu alipita, tukabaki tunaingia kwa root kama familia moja. Pole sana mkuu.

mzee_wa_teminali: Aliyefuta kwa `rm` ni mshamba, sawa. Ila hata `sssctl cache-remove` ingewafungia nje vilevile. Kosa ni kufuta wakati saraka haipatikani.

binti_makumbusho: Yote tumeelewa mkuu. Tona umebadilisha?

bwana_kebo: 😂😂 Jibu swali mkuu

mleta_uzi: Mnacheka, lakini kaniambia mbele ya WATU. Tona!

ras_wa_usiku: Nyie mna sssd peke yake mnalia. Sisi nscd, programu nyingine yenye kashe yake ya watumiaji na makundi, inawashwa sambamba nayo. Unapiga `sss_cache -E` kwa taarifa zote, nscd bado inamtaja mtu aliyestaafu. Mpaka `nscd -i passwd`, kisha `nscd -i group`, ndipo mambo yanakaa.

mzee_wa_teminali: Weka `enable-cache passwd no` na `enable-cache group no` kwenye nscd.conf, mwachane na hayo mateso.

ras_wa_usiku: Kwa sudo ya nani, mzee, hiyo ruhusa ya kuendesha amri kama root? Tulinyang'anywa wote.

binti_makumbusho: Sudo! Kwetu kanuni zake zinatoka LDAP. Ukiongezewa kanuni mpya, sssd inaweza kukusubirisha dakika 15 ndipo iivute, na mkuu wa kitengo kasimama nyuma ya kiti chako anauliza umeshamaliza.

bwana_kebo: Wanaosimama nyuma ya kiti! Wa kwetu anapumulia shingoni kabisa, na anakula karanga.

ras_wa_usiku: Huyo wa karanga afunguliwe uzi wake leo leo.