Wazee wawili na tenti: watoto wanasema tutawaaibisha, nyinyi mnaonaje?

Afande_Dereva (Bugembe, Jinja)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi nina miaka 64, nilistaafu serikalini nilipofika 60 kama sheria inavyosema, kazi ilikuwa udereva na Kiswahili changu ni cha kambini so pale kinapokwaruza mnivumilie. Mama yao ana 61. Tuko wawili tu nyumbani. Binti mkubwa ameolewa Mbarara, kijana yuko Arua, na kitinda mimba yuko Kampala lakini huyo simhesabu, kwake ni chumba kimoja na mwenyewe hapatikani.

Sasa shida. Kila mwaka tunawazungukia, wiki mbili Mbarara, wiki mbili Arua, na tukifika tu ni kukalishwa. Baba kaa hapo. Baba usibebe. Nikigusa jembe mkwe anatuma kijana wa kazi aje aninyang'anye kwa heshima zote. Wajukuu wako kwa simu, mimi niko kwa tivii naangalia sinema za Wachina zilizotafsiriwa na maVJ, chai saa nne, chakula saa saba, chai tena saa kumi, na ikifika siku ya tatu magoti yanalia kama lango la chuma lisilopakwa grisi. Nyumbani mimi natembea kila asubuhi karibu saa nzima na mama yao analima mboga mwenyewe. Tunaenda kusalimia watoto tukiwa wazima tunarudi wagonjwa, sitanii.

Basi mwezi uliopita nilipita soko la Owino kule Kampala nikaokota tenti ya mitumba, ya watu watatu, zipu moja tu ndo mbovu. Nikaisimamisha nyuma ya nyumba tukalala siku mbili kujaribu. Usiku wa kwanza mama yao alicheka mpaka akakohoa, hakuna kitu cha kuchekesha, ni vile tu tumelala chini kama tuna miaka ishirini. Asubuhi jirani akamwita kwa uani akamnong'oneza, "Nyabo, umemfukuza mzee?"

Wazo langu ni tukienda kwa watoto tukae siku nne tano, halafu siku zingine tulale mbugani. Lake Mburo iko njiani kabisa ya Mbarara, na kwenda Arua unakata Murchison. Nikawaambia watoto. Binti alilia kwa simu, ati watu watasema ameshindwa kuwapa wazazi wake kitanda mpaka wanalala kwa tenti kama wakimbizi. Kijana akasema baba, kwetu tenti ni ya msiba ama ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba, nyie mnafanya ipi hapo.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie, magoti yatahimili? Usiku choo inakuwaje? Wanyama je? Na huyu binti nimwambieje?

BintiNebbi

Baba shikamoo. Mimi naomba nisimame kidogo upande wa binti yako, usikasirike. Nyinyi wazazi mnaona kukalishwa, sisi tunaona deni. Mama mkwe wangu alikuja mwaka jana akaamka saa kumi na moja akafua nguo zote na kufagia uwanja, mchana nikienda dukani mwenye duka ananiuliza ati siku hizi umepata mfanyakazi mzee? Nilitaka ardhi inimeze.

Lakini aibu hata siyo kubwa. Ni hofu ya simu. Baba yangu alivuka na feri ya Nakiwogo kwenda Kalangala kwa rafiki yake, simu ikawa imezima siku mbili nzima, nyumbani tulishaanza kupigia polisi, kumbe chaji imeisha na yeye yuko ziwani anavua sato kwa raha zake. So mwambie binti mtalala wapi usiku gani, nunua pawabenki, na kila jioni saa moja upige, hata kama hakuna cha kusema.

Na kitu kimoja baba, usianze na mbuga. Ukipita Mburo kwanza ndo uende kwake, yeye anakuwa wa pili baada ya punda milia. Anza kwake, kula kuku wake, mwache akukalishe hizo siku nne bila kunung'unika. Ukitoka ndo ulale huko ukirudi. Na beba wajukuu wawili, tuone kama simu zitawashinda.

Mpanda_Boda_Kasese

Afande mimi sina ushauri, nauliza tu uliambia nini huyo jirani 😂😂

Afande_Dereva

Mama yao alimjibu ndiyo nimemfukuza, lakini nilimwonea huruma usiku nikamfuata huko.

Sista_Mstaafu (Fort Portal)

Hapo mama yao nimempenda. Mimi ni nesi mstaafu, nina 67, na mume wangu alipokuwa hai tulipiga kambi sana kwa haya maziwa ya volkano huku kwetu na mara mbili Bunyonyi. Nitakujibu ya mwili, ya watoto mwenzangu amemaliza.

Magoti, afande, hayasumbuliwi na kulala chini, yanasumbuliwa na kuinuka. Msibebe ule mkeka mwembamba wa vijana, beba godoro la sponji nzito hata la inchi nne, si mna gari? Na beba kistuli cha jikoni, kile kifupi cha mbao cha kumenyea matoke. Ukiamka usijivute kwa nguzo ya tenti utaangusha nyumba nzima. Geuka ulale kwa tumbo, panda kwa mikono na magoti kama mtoto, weka viganja kwa kistuli, leta mguu wenye nguvu mbele, ndo usukume. Fanyeni hivyo hapo nyumbani kila asubuhi mara tano kwa wiki mbili kabla ya safari. Ni mazoezi yenyewe hayo. Tulikuwa tunawaambia wazee angalau dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki, na siku tatu za mazoezi ya kusimama imara usianguke, wewe hiyo ya kwanza umeshapita ila ya pili najua huifanyi kwa sababu hakuna mwanaume anafanya.

Choo sasa. Usitoke usiku. Kwa sababu ya wanyama ndiyo, lakini nimeona wazee wengi zaidi walioangushwa na kamba ya tenti kuliko na kiboko. Beba ndoo yenye mfuniko unaobana, iweke pembeni kwa mlango, tochi ya kichwani karibu na mto. Aibu ya nini, mmeoana miaka mingapi? Na kama mmoja wenu anameza ile dawa ya presha ya kukojoza, ulizeni daktari wenu kuhusu saa ya kumeza, mimi wangu aliniambia asubuhi, nikaipeleka jioni siku moja kwa ukaidi nikahesabu nyota zote za Kabarole.

Mwenye sukari anayechoma insulini asiache dawa ndani ya gari juani na asiilaze juu ya barafu ikagusana, ikiganda imekufa hiyo. Sisi tulibeba mtungi mdogo wa udongo, unalowanisha kitambaa unafunika, ndani kunakaa baridi siku nzima.

Chandarua lazima, nyavu za tenti ya mitumba usiziamini, na hiyo zipu mbovu ishoneni kabla hamjatoka. Bunyonyi mkifika siku moja, pako juu karibu mita 2,000, usiku ni baridi ya kukata meno so mablanketi mawili mawili. Ila zuri la Bunyonyi ni kwamba ziwani hakuna kiboko wala mamba, mzee anatembea kando ya maji asubuhi bila kugeuka geuka.

KijanaWaPakwach

Mzee shikamoo na mama pia. Mimi nazungusha watalii Murchison mwaka wa tisa sasa, acha niseme ya wanyama maana hapo watu huongea vitisho.

Kiboko mchana yuko majini, usiku anatoka kula majani na anatembea mbali, so kambi ikiwa karibu na mto atapita na utamsikia anatafuna hapo hapo nyuma ya kichwa chako, kruu kruu kama mtu anang'oa mahindi shambani. Tulia. Hana shida na tenti iliyofungwa. Shida ni mtu aliyetoka akasimama kati yake na maji, huyo ndo anakanyagwa. Kwa hiyo ndoo ya Sista ni dawa, msicheke.

Ngiri na nyani ndo wezi wenyewe. Chakula hakilali ndani ya tenti, hata pipi ya mjukuu, hata karanga kwa mfuko wa koti. Kila kitu ndani ya gari na vioo juu. Pale Karuma, kwenye daraja la njia ya Arua, msifungue dirisha, wale nyani wameshazoea kulishwa, wananyang'anya hadi kwa mkono wa dereva. Na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi. Nilishawahi kumbeba mzungu mmoja wa jinzi ya bluu, alishuka hapo Paraa, pale barabara ya mbuga inapovuka Nile, anatembea kama anacheza ngoma.

Kuhusu pesa, sisi wananchi tunalipa kwa shilingi siyo dola, beba kitambulisho. Na kiingilio ni cha masaa 24, watu hawajui hii, wanaingia saa mbili asubuhi halafu kesho yake wanakimbizana. Nyie ingieni saa tisa mchana, mlale, asubuhi mzunguke na gari, mtoke kabla ya saa tisa. Kule juu kwenye maporomoko kuna njia ya mguu kutoka chini lakini ni mlima kwelikweli, kwa magoti hayo endesheni gari mpaka juu, inafika karibu kabisa. Mto Nile mzima mnaoujua hapo Jinja unabanwa kwa ufa wa kama mita 7 halafu unaanguka mita 43. Mawe yana utelezi kwa yale marasharasha, mama ashikwe mkono. Barabara siku hizi ni lami, ilijengwa kwa mambo ya mafuta, na Paraa kuna daraja, hatungoji tena feri.

Kama ni mara ya kwanza lakini, mimi ningesema muanze na Mburo. Haina tembo. Twiga wanao, waliletwa 2015 kutoka huku kwetu, na unaweza kutembea kwa miguu na askari wa mbuga, kitu ambacho Mzee unakitaka.

Mpanda_Boda_Kasese

Na mkirudi kutoka Mburo msipite Lukaya bila kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kijiti. Hilo ndo la muhimu mmesahau wote.

Afande_Dereva

Asanteni sana, nimesomea mama yao yote kwa sauti. Pale kwa mazoezi ya kusimama alinitazama tu.

BintiNebbi mwanangu, umenisaidia kuliko unavyojua. Jana nilimpigia binti nikamwambia tunakuja kwako kwanza, siku tano, na sitagusa jembe. Akanyamaza. Halafu akauliza, na mkitoka hapa? Nikamwambia siku mbili Mburo na nataka nimbebe yule wa miaka tisa na yule wa kumi na mbili, nitapiga kila siku saa moja jioni. Akasema atafikiria. Baada ya dakika kumi mkwe mwenyewe akapiga, anauliza hiyo tenti ni ya watu wangapi na kama na yeye anaweza kuja Jumamosi, lakini nisimwambie mke wake kwamba ni yeye aliyeomba. Sasa tuko watano kwa tenti ya watatu.

Arua tutaona Desemba. Kijana bado anauliza msiba ni wa nani.

Nimeshona zipu kwa fundi viatu hapo stendi, elfu tano. Ila Sista, swali la mwisho, mama yao anasema ndoo za dukani mfuniko haubani vizuri, nitafute ile ya rangi ya ukuta ya lita ishirini ama hiyo ni kubwa mno?

Sista_Mstaafu

Na mkwe anakuja? Chukua ya lita ishirini. Na nunua mbili.