Nyinyi wa mapishi ya video: "unga wa mahindi" UPI? Soseji 16 zimeniharibikia

Niko na hasira, mnisamehe nikikosea herufi.

Jumamosi binti yangu alitimiza miaka 9. Tangu aone kwenye simu ile soseji ya Wamarekani ya kijiti, iliyovalishwa unga wa mahindi na kukaangwa, wanaiita korndogi, hakunipa pumzi. Nikamwahidi. Nikatafuta video ya Kiswahili, nikampata dada mmoja mwenye sauti tamu na kucha safi, anasema eti vitu vyote viko jikoni kwako. Unga wa mahindi kikombe, wa ngano kikombe, yai, sukari, chumvi, baking poda, maziwa vikombe viwili. Chovya, kaanga. Kwisha.

Unga wa mahindi upi, dada? Hapa Lubumbashi ukisema unga wa mahindi ni ule wa bukari (ugali), mweupe, laini kama poda ya mtoto. Ndio nilionunua meka nzima, kile kipimo cha sokoni. Rojo likatoka kama uji wa mgonjwa. Nikachovya soseji ya kwanza, nikainyanyua: rojo lote likateremka polepole likarudi bakulini, soseji ikabaki inang'aa kama ilivyotoka dukani. Nikaongeza unga. Sasa likashika, ila kwenye mafuta likaachia: upande huu donge, upande ule nyama tupu inapasuka na kunirukia mkononi (alama ninayo). Watoto 11 wako mlangoni wanahesabu. Shemeji akachungulia sufuria, akaniuliza kama ninakaanga vidole.

Zile chache zilizoshika, nje kahawia, ndani unga mbichi unaganda kwenye meno.

Na msinielekeze kwenye "moto wa wastani". Siku hiyo ilikuwa delestaji, umeme umekatwa, niko kwenye mbabula, jiko la makala (makaa). Wastani wa makala ni upi? Yule dada ana jiko la gesi, anazungusha kitufe huku anacheka.

Usiku nikampigia yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anakaa Dallas. Alicheka mpaka nikataka kukata simu. Kumbe huko ndiko nyumbani kwa korndogi hasa: kwenye maonyesho makubwa ya jimbo la Texas, ndugu wawili wa ukoo wa Fletcher walianza kuziuza kati ya 1938 na 1942, na zinauzwa hadi leo. (Dada wa video anasema ni chakula cha Wakorea. Wakorea wanayo ya kwao, wanaiviringisha mpaka kwenye sukari, ni mambo mengine.) Yaya akaniambia unga wa kule ni wa njano na una chembechembe, ukiusugua vidoleni unauhisi kama mchanga. Ukitiwa maziwa unaachwa dakika 10 hivi unywe, rojo lizidi kuwa zito. Na kwa vipimo vile maziwa ni kikombe KIMOJA. Kimoja! Vile viwili amevitoa wapi? Soseji inafutwa maji mpaka ikauke, inapakwa unga mkavu ili rojo lipate pa kushika, halafu inazamishwa kwenye glasi ndefu, si kwenye bakuli. Mafuta yawe digrii 175 hadi 180. Asiye na kipimo adondoshe tone la rojo, lipande juu papo hapo likichemka, bila kuungua. Ukiweka kwenye mafuta ya uvuguvugu, unga unaitoka soseji kama nguo. Na usiachie kijiti mara moja, shikilia kidogo unga ukaze, la sivyo inaganda chini ya sufuria.

Hakuna hata moja la haya kwenye ile video. Nikamwandikia yule dada chini yake, kwa adabu kabisa, kwamba aseme ni unga gani na asahihishe maziwa. Akafuta maneno yangu. Video bado iko, watu wanampongeza, na nina hakika nusu yao hawajawasha hata moto.

Jana nikapeleka mahindi ya njano kwenye mashine. Nikamwambia papa wa pale asage mara moja tu, yatoke kama mchanga, asiyalainishe. Akapima, akasaga, akanifungia vizuri, ndipo akaniuliza: "Mama, una kuku wangapi?"

Nikachekecha hicho chakula cha kuku, nikafuata maneno ya yaya, nikakaanga nne kwenye mbabula ileile. Zimetoka za mviringo, kahawia, zimeshika toka kichwani hadi kwenye kijiti. Mtoto amekula tatu. Ila sherehe ilikuwa Jumamosi, na leo ni Jumanne.