Ushauri: kontena mbili Dar hadi Kalemie kupitia Kigoma, treni au lori?

Kijana wa Mwanga: Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini. Nina kontena mbili za futi 40, vigae kutoka China, zinashukia Dar, mteja yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mahali nasikia mzigo wa Kongo bandari ya Dar unazidi kupanda, nikaona nisiachwe. Swali langu ni moja tu: kutoka Dar hadi hapa nipandishe treni au lori? Naomba majibu ya haraka, meli haiko mbali. Matusi hapana.

Reli ya Kati: Karibu kilomita 1,250 hizo. Kwa mzigo mzito treni ndiyo nafuu, ila masika tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe husombwa na maji, na behewa likikwama halina njia ya kuzungukia. Lori linazunguka. Kwa lori angalia mizani: jumla isizidi tani 56, na ekseli tatu za nyuma kwa pamoja zisizidi tani 24. Wengi hukamatwa wakati jumla iko sawa kabisa, kisa mzigo umerundikwa nyuma ya kontena. Mwambie anayepakia agawanye uzito toka mlangoni hadi mbele.

Dagaa Mkavu: Nimekaa pale na mgebuka wangu nasubiri mrejesho.

Mzee wa Kasanga: Kabla ya treni na lori, hilo la "mzigo wa Kongo unapanda" umelielewa vibaya. Sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka Dar, inapita Tunduma, inavuka Zambia kwenda Lubumbashi na Kolwezi kwenye migodi ya shaba. Kigoma haiuoni. Huku kwetu tunahudumia Kalemie, Uvira, Baraka na Moba, na masoko haya yana mwendo wake. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, mzigo wa kwenda huko kupitia Uvira uliyumba hata kama Dar meli zilikuwa zimejaa. Halafu Kalemie sasa ina mlango mwingine, bandari ya Karema, upande wetu wa ziwa. Na msihesabu meli mkadhani mmehesabu mzigo. Gati namba 1 hadi 7 za Dar zimechimbwa hadi mita 14.5, meli kubwa zinaingia, kwa hiyo idadi ya meli inaweza kushuka na tani zikapanda.

Mama Vitenge: Mdogo wangu, BL, hati ya shehena ya meli, inasomaje? Kituo cha mwisho wameandika wapi? Na FERI, ile fomu ya mzigo unaoingia Kongo, ipo?

Kijana wa Mwanga: Dada, BL haina shida, wakala wangu anaishughulikia. Mimi nauliza usafiri tu.

Mama Vitenge: Nimeuliza inasomaje.

Kijana wa Mwanga: Sawa. Imeandikwa jina langu na anwani ya Kigoma, kituo cha mwisho Dar es Salaam. Wakala kanishauri tutoe kama mzigo wa ndani, tulipe ushuru, tukifika Kigoma tunauza nje kawaida. Anasema transiti, yaani mzigo wa kupita tu kwenda nchi nyingine, ina mlolongo mrefu, dhamana ya ushuru, lakiri ya kufunga kontena, ufuatiliaji njiani. Nimeshamlipa nusu, na kwa kweli naona ana hoja.

Mama Vitenge: Hoja anayo yeye. Wewe utalipa ushuru wa forodha na VAT asilimia 18 hapa, na mteja atatozwa tena Kalemie kwa vigae vilevile. Kudai marejesho ni safari nyingine, na hela yako imelala huko. Fanya hivi: mwandikie aliyekuuzia China aombe marekebisho kwa kampuni ya meli. Mpokeaji awe mteja wa Kalemie, bandari ya kushushia Dar, kituo cha mwisho Kalemie kupitia Kigoma. Nakala halisi zote zirudishwe, kawaida ni tatu, ndipo itolewe BL mpya. Manifesti, orodha ya mizigo ya meli, ikiwa haijaingia forodha ni kazi nyepesi. Ikishaingia, TRA lazima waridhie, na kuna malipo. FERI ni ya lazima kwa kila mzigo unaoingia Kongo. Bila hiyo mteja anakula faini.

Ustaadh Ujiji: Vijana wa siku hizi mnalipa kwanza halafu mnakuja kuuliza. Mali isiyo na subira haina baraka.

Dagaa Mkavu: Ustaadh, baraka nayo inapita forodha?

Gati Namba Tatu: Jamani hii ni chai. Hakuna anayeweka vigae kwenye futi 40. Boksi moja la 60 kwa 60, vipande vinne, linakaribia kilo 30. Futi 20 inafika tani 27 hivi ikiwa na boksi 900 na bado ina nafasi juu. Futi 40 inabeba uzito karibu uleule, kwa hiyo utalipia hewa nusu kontena. Ama huna mzigo, ama ni wakala unachungulia bei za wenzako. Weka picha ya BL, ziba majina.

Reli ya Kati: Kweli bwana, nilipitiwa na hiyo futi 40.

Kijana wa Mwanga: Sina haja ya kudanganya. Chini ni vigae, juu ni masinki, vyoo na mabomba. Sikuona sababu ya kuorodhesha kila kitu humu.

Gati Namba Tatu: Na kwenye BL umeorodhesha, au nako umeandika vigae tu?

Kijana wa Mwanga: Imeandikwa vigae. Orodha ya mzigo ina vyote.

Gati Namba Tatu: Haya, naanza kukuamini, mtu hatungi balaa kama hilo. Hati zikitofautiana unaitiwa ukaguzi wa kushusha kontena zima, na sinki likishushwa na kurudishwa mara mbili halifiki salama. Rekebisha maelezo ya bidhaa kwenye ombi hilohilo la kituo cha mwisho. Ukiomba mara mbili utalipia mara mbili.

Mama Vitenge: Na uulize siku za bure za kontena kabla meli haijafunga gati, maana tozo inahesabiwa hadi kontena tupu lirudi Dar. Ukitaka kulifungua Kigoma uhamishie botini, lakiri inakatwa mbele ya TRA. Botini boksi za vigae zisimame kwa ubavu, usizilaze. Chini tandika mbao maji yasizifikie, juu turubai. Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unachafua ziwa, mwambie nahodha asijaze hadi ukingoni.

Kijana wa Mwanga: Nimewaandikia China usiku huu. Ila wakala hela yangu harudishi, si bora basi aendelee?

Mama Vitenge: Aendelee, lakini na hati za transiti. Muulize kwanza dhamana anayo.