Kelvin kakimbia Kibayi

Kelvin: Shikamooni wote. Leo wilayani nimekuwa wa nne mita 1500. Nilitangulia mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho, halafu wakanipita kama nimesimama 😭

Mama Neema: Marahaba mwanangu, pole. Umekula?

Baba Mdogo: Wa nne?! Nani alikutuma ufyatuke vile mzunguko wa kwanza?

Neema: Baba Mdogo usimfokee. Niko na babu kibarazani, nimemsomea, anacheka. Anasema mwacheni, huyo kakimbia Kibayi.

Kelvin: Kibayi ndiyo nini?

Baba Mdogo: Mkimbiaji Filbert Bayi huyo! Mtoto wa Karatu.

Neema: Naandika anavyosema babu: "Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Wenzake wanaviziana, yeye bunduki ikilia tu kaondoka. Ana miaka 20. John Walker, mwenyeji, kamkimbiza mpaka mwisho, hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia! Walker naye kaivunja ile ya zamani, na bado kawa wa pili."

Baba Mdogo: Rekodi ya michezo ile ilikaa mpaka 2022. Nimezaliwa, nimeoa, nimeota kitambi, bado ipo.

Mama Neema: Kitambi tunakijua 😂

Neema: Babu anaendelea. Mwaka 1975 Kingston, Jamaika, maili moja 3:51.0. Rekodi ya Mmarekani Jim Ryun kaipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Miezi mitatu tu, Walker akaichukua.

Kelvin: Olimpiki hawakukutana?

Baba Mdogo: Montreal 1976 tuligoma. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu, nchi nyingi za Afrika zikajitoa. Na Bayi alikuwa ametoka kuugua malaria. Walker akabeba dhahabu kwa 3:39, mwendo wa kwenda sokoni.

Neema: Babu kanuna. Anasema kugoma ilikuwa haki, ila mbio ile anaidai mpaka leo.

Baba Mdogo: Mwambie na Olimpiki ya Moscow 1980 basi, mbio za kuruka viunzi na maji. Katangulia vilevile, Malinowski wa Poland kamfikia mzunguko wa mwisho. Fedha. Ndiyo yaliyomkuta Kelvin.

Kelvin: Kwa hiyo na mimi nina fedha 😎

Baba Mdogo: Wewe ni wa nne.

Neema: Babu anauliza mzunguko wa kwanza ulitumia sekunde ngapi.

Kelvin: Mwalimu kasema 58.

Neema: Anasema Bayi 54 na ushei. Anauliza ulikuwa unamngoja nani.